Mbwa Mmoja, Miji Mitatu

Katika jimbo la Colorado, nchini Marekani, ipo barabara ndefu iitwayo Colfax. Hutoka magharibi kwenda mashariki, ikapita katika miji mitatu iliyopakana: Lakewood, kisha Denver, kisha Aurora. Mgeni hawezi kutambua wapi mji mmoja umekoma na wapi mwingine umeanza, kwa kuwa maduka yanafanana, nyumba zinafanana, na watu huvuka mpaka mara nyingi kwa siku pasina kuuona. Hata hivyo, kwa takriban miaka 15, mpaka huo usioonekana ulikuwa mpaka wa uhai na mauti kwa mbwa aitwaye pitibuli. Akiwa Lakewood, sheria ilimruhusu kukaa na mwenyewe. Akihamishiwa ng'ambo ya barabara ya Sheridan, akawa mkazi wa Denver, alikuwa amekwisha vunja sheria kwa kuwapo kwake tu, hata kama hajambwekea mtu. Akipelekwa mbele zaidi hadi Aurora, hukumu ilikuwa ni ile ile.

Mbwa ni mmoja, barabara ni moja, na sheria ni mbalimbali. Tumeona ni vyema wiki hii tuitazame habari hiyo kwa utulivu, kwani ndani yake mna swali linalozihusu familia zetu zaidi ya tunavyodhani: sheria inapotaka kumlinda mtoto na meno ya mbwa, itazame mbegu ya mbwa huyo, au itazame mwenendo wake na wa mwenye kumfuga?

Huenda msomaji akauliza: sisi watu wa Pwani, ambao wengi wetu hatufugi mbwa, tuna haja gani na mbwa wa Marekani? Haja zipo mbili. Ya kwanza ni kwamba jamaa zetu wametawanyika duniani. Aurora hasa ni mji wa wahamiaji. Wamo Wasomali, wamo Waethiopia, wamo na Wakongomani wasemao Kiswahili. Mama aliyehamia huko na wanawe hupanga nyumba ukuta kwa ukuta na jirani mwenye mbwa, na kwake yeye sheria ya mbwa ni sheria ya mlango wake na ya njia ya watoto kwenda shule. Ya pili ni kwamba Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kudhibiti wanyama, ikiwemo kutoa leseni za mbwa. Maana yake ni kwamba Mombasa, Kilifi na Kwale zaweza kila moja kushika njia yake. Anayevuka daraja la Mtwapa amebadilisha kaunti, na yamkini amebadilisha sheria. Basi waliotutangulia katika jambo hili wametuachia mafunzo, nasi tusione tabu kuyaokota.

Denver ilivyofika hapo

Mwaka 1986, mjini Denver, mtoto wa kiume wa miaka 3 aliuawa na mbwa wa aina hiyo. Mwaka 1989, mchungaji mmoja wa kanisa alishambuliwa karibu na nyumbani kwake, akajeruhiwa vibaya mno. Mji ukajaa hofu na ghadhabu, wala hofu hiyo haikuwa ya bure. Mzazi yeyote mwenye mtoto mdogo ataielewa. Mwaka huo huo wa 1989 baraza la mji likapitisha sheria ya kumkataza mtu yeyote kumiliki, kufuga au kuuza pitibuli ndani ya Denver. Tuzingatie kwamba jina hilo si la mbegu moja. Sheria ililitumia kukusanya mbegu tatu zinazofanana, pamoja na kila mbwa ambaye umbo lake limeelekea zaidi huko.

Mwaka 2004 jimbo la Colorado likatunga sheria ya kuizuia miji isipige marufuku mbwa kwa mbegu zao. Denver haikukubali. Ilikwenda mahakamani ikidai kwamba mji wenye mamlaka ya kujitawala una haki ya kuamua mambo yake ya ndani, ikashinda, na mwaka 2005 marufuku ikarudi kutekelezwa. Mwaka huo wa 2005 Aurora nayo ikapitisha marufuku yake. Lakewood haikufuata.

Tangu hapo mwenye pitibuli aliyekaa Denver alibakiwa na njia tatu: amtoe mbwa wake mjini, amfiche ndani, au ahame yeye mwenyewe. Waliotoa waliwapeleka mbwa wao katika miji ya jirani, na jirani akapokea kilichofukuzwa kwingine bila ya kuulizwa. Waliokamatwa nao walinyang'anywa, na maelfu ya mbwa waliuawa katika miaka hiyo. Ama waliowaficha, hao ndio wanaostahili kutufikirisha zaidi. Mbwa aliyefichwa haandikishwi. Hapelekwi kwa daktari wa mifugo, kwa kuchelea kuonekana. Hatolewi nje mchana akazoea watu. Na kilichofichwa hakichanjwi. Sheria iliyokusudia kuwaondoshea watu hatari ikawa, kwa upande huo, imeisukuma hatari nyuma ya mlango uliofungwa.

Kura, baraza na meya

Mwaka 2014 wakazi wa Aurora waliulizwa kwa kura iwapo marufuku iondolewe. Wengi wakakataa, ikabaki. Huko Denver, mwezi wa Februari 2020, baraza lilipiga kura ya kuiondoa na badala yake kuweka mfumo wa kibali. Meya wa wakati huo, Michael Hancock, akaitumia kura yake ya turufu kulipinga azimio hilo. Baraza likajaribu kumshinda, lakini kura hazikutosha.

Sababu aliyoitoa meya huyo inastahili kusikilizwa hata na wasiokubaliana naye. Alisema kwamba wanyama wa nyumbani waliokuwa na leseni mjini Denver ni chini ya asilimia 20. Kwa maneno mengine: mnataka kuacha kuhukumu kwa mbegu, mhukumu kwa mwenendo, na ilhali hamjui hata nani anafuga nini na wapi. Hoja hii ina uzito. Sheria ya mwenendo bila ya daftari ni sawa na mlinzi aliyefumba macho.

Mwezi wa Novemba 2020 shauri likapelekwa kwa wapiga kura wenyewe, na safari hii wengi wakakubali marufuku iondoke. Tangu mwanzo wa mwaka 2021 Denver imekuwa na utaratibu mwingine. Mwezi wa Januari wa mwaka huo huo, baraza la Aurora nalo likapiga kura ya kuifuta marufuku ya mji wake.

Tukitazame kibali cha Denver, kwa kuwa ndani yake mna werevu. Mwenye mbwa humpeleka kwanza kwa maofisa wa mji, nao humkagua wakaamua kama ni katika mbegu zile. Akionekana kuwa ni miongoni mwao, mwenyewe hutakiwa kuomba kibali maalumu. Sharti mbwa awe amechanjwa kichaa cha mbwa, awe amehasiwa au amefungwa kizazi, na awe ametiwa chini ya ngozi kidude kidogo chenye nambari ya kumtambulisha na mwenyewe. Mwenye mbwa hutaja watu wawili wa kutafutwa ikitokea dharura. Nyumba moja hairuhusiwi zaidi ya pitibuli wawili. Ikipita miezi 36 bila tukio lolote la ubaya, mbwa huyo huruhusiwa kuingia katika leseni ya kawaida kama mbwa wengine. Hivyo Denver haikuitupa mbegu moja kwa moja, wala haikuishikilia milele. Imeifanya kuwa ni sababu ya kuangaliwa kwa makini zaidi, kisha ikauachia mwenendo useme neno la mwisho.

Nani hasa ni pitibuli?

Ugumu mkubwa wa sheria ya mbegu unaanzia kwenye jicho. Mbwa wengi ni machotara. Baba hajulikani na mama ameokotwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walichukua damu ya mbwa 120 waliokuwa katika vituo vinne vya kuhifadhia wanyama, wakaipima nasaba yake, kisha wakalinganisha na majina waliyopewa mbwa hao na watumishi wa vituo kwa kuwatazama tu. Damu ilionyesha kwamba mbwa 25 ndio waliokuwa na asili ya mbegu hizo. Watumishi, ambao kazi yao ya kila siku ni kukaa na mbwa, walikuwa wamewaita wengi zaidi ya hao kwa jina la pitibuli, na wapo wenye asili hiyo ambao hawakutambuliwa.

Ikiwa jicho la mzoefu linakosea, itakuwaje jicho la askari wa mji, au la jirani mwenye ugomvi na jirani yake? Mbwa asiye na kosa ataondolewa kwa sababu ya kichwa chake kipana, na mbwa mkali wa mbegu isiyotajwa ataachwa atembee. Uholanzi iliwapiga marufuku pitibuli mwaka 1993, na mwaka 2008 ikaiondoa marufuku hiyo, baada ya kuonekana kwamba watu kuumwa na mbwa hakukupungua. Walioumwa waliendelea kuumwa, na wengi wao na mbwa wa mbegu nyingine kabisa.

Hoja ya mzazi

Lakini hatutakuwa waadilifu tukiitaja hoja ya upande mmoja tukaufumbia macho wa pili. Wanaotaka marufuku husema hivi: mbwa wote huuma, ila kuuma si kumoja. Mbwa mdogo akimuuma mtoto huacha alama. Mbwa mwenye taya nene na kifua kipana akimkamata mtoto hamwachi upesi, na kidonda chake chaweza kuwa cha uso, cha shingo au cha mauti. Husema pia kwamba sheria ya mwenendo hungoja kosa la kwanza, na kosa la kwanza ni mtoto wa mtu. Ni nani miongoni mwetu atakayekubali wa kwake awe ndiye ushahidi?

Hoja hii haijibiwi kwa kuambiwa mzazi kwamba mbwa wa fulani ni mpole. Aghalabu kila mbwa aliyemjeruhi mtu alikuwa ni mpole jana yake, kwa kauli ya mwenyewe. Jibu lake ni kwamba sheria nzuri ya mwenendo haingoji jino. Huanza na ukuta na lango lenye komeo, na mnyororo kila mbwa anapotoka. Humwajibisha mwenyewe pale mbwa anapoonekana amefukuza mpita njia au ameruka uzio, kabla ya damu kumwagika. Na hutazama ukubwa wa mnyama, kitu kinachopimika kwa mizani, kuliko nasaba yake, kitu ambacho watu watatu wakikitazama watatoa majibu matatu.

Mto mmoja, ng'ambo mbili

Mfano wa njia hiyo ya pili uko Kanada, nao pia ni wa majirani. Ottawa, mji mkuu wa nchi hiyo, umetenganishwa na mji wa Gatineau kwa mto tu, na watu huvuka madaraja kila asubuhi kwenda kazini na kurudi. Ottawa imo katika jimbo la Ontario, ambalo tangu mwaka 2005 limewapiga marufuku pitibuli. Waliokuwa nao kabla ya hapo waliruhusiwa kubaki nao kwa masharti ya kuwahasi, kuwafunga mdomo na kuwatia mnyororo wawapo nje. Gatineau imo katika jimbo la Quebec, ambalo halina marufuku ya mbegu.

Si kwamba Quebec haikujaribiwa. Mwaka 2016 mwanamke mmoja aliuawa na mbwa uani kwake mjini Montreal. Mwaka huo huo meya wa mji, Denis Coderre, akaleta sheria ya kuwazuia pitibuli wapya. Mwaka uliofuata alishindwa katika uchaguzi na Bi Valérie Plante, na kabla ya mwaka 2017 kwisha vifungu hivyo vya mbegu vikaondolewa.

Jimbo halikuishia kuondoa. Mwezi wa Machi 2020 zilianza kutumika Quebec nzima kanuni zinazomhusu kila mbwa. Mbwa aandikishwe na serikali ya mji. Awapo mahali pa watu wote awe ameshikwa na mtu anayeweza kumdhibiti, kwa kamba isiyozidi mita 1.85. Akiwa na uzito wa kilo 20 au zaidi, kamba hiyo ifungwe kwenye mikanda ya mwilini au ya kichwani, isiwe kwenye ukosi wa shingo peke yake, ili asichomoke. Daktari wa watu na daktari wa mifugo wametwikwa wajibu wa kuijulisha serikali ya mji mbwa anapomjeruhi mtu. Na mbwa anayeshukiwa huchunguzwa. Ikithibiti kuwa ni hatari, hupewa masharti makali, na pengine huuawa.

Tuangalie tofauti ya majirani hawa. Kwa Ontario swali la kwanza ni: mbwa huyu ni wa mbegu gani? Kwa Quebec swali la kwanza ni: mbwa huyu ameshikwa na nani, kwa kitu gani, na amefanya nini? Swali la pili lina kazi zaidi. Lataka daftari, maofisa, na madaktari wenye kutoa taarifa. Lakini ndilo swali ambalo mama mwenye mtoto mkononi anaweza kulijibu kwa macho yake akiwa njiani.

Wanavyuoni walivyoitazama dhamana

Si mambo mapya haya katika elimu yetu. Katika Suratul Anbiyaa imetajwa hukumu ya Nabii Daudi na mwanawe Suleiman, amani iwashukie, juu ya kondoo walioingia usiku katika shamba la watu wakaliharibu. Mafaqihi wengi wamejenga juu ya mlango huo, na juu ya hukumu ya Mtume, rehma na amani zimfikie, kwamba mwenye shamba hulilinda mchana, na mwenye wanyama huwazuia usiku. Akizembea akawaacha wakaharibu usiku, dhamana iko juu yake. Hakuna aliyeuliza kondoo wale walikuwa ni wa mbegu gani. Lililoulizwa ni nani aliyewajibika kuwafunga, na wakati gani.

Hata mbwa anayeruhusiwa kuuawa ndani ya Haram ametajwa kwa sifa ya tendo. Ameitwa al-kalb al-'aqur, yaani mbwa mwenye kujeruhi. Na mafaqihi wakasema kwamba mwenye kumfuga mbwa ambaye yeye mwenyewe anamjua kuwa ni muumaji, kisha akamwacha, hana pa kukimbilia dhamana ya aliyeumwa.

Hatukukusudia hapa kuingia katika hukumu ya kufuga mbwa. Inajulikana kwamba ruhusa imekuja kwa mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba, na wapo katika wanavyuoni wa Kishafii waliokisia juu yake mbwa wa kulinda nyumba. Tunalolisema ni kwamba ruhusa ya kufuga haikuja peke yake. Imekuja pamoja na dhamana.

Na sisi huku kwetu

Turejee nyumbani. Katika mitaa yetu vibao vya "Mbwa Kali" vimejaa mageti, na aliyeviandika hudhani ameshatimiza wajibu wake. Kibao hakisomwi na mtoto wa miaka minne. Tena kibao ni ungamo la mwenyewe: amekiri kwa maandishi kwamba anamjua mbwa wake. Basi geti likiachwa wazi alfajiri, wakati watu wanakwenda msikitini, au baada ya Alasiri, wakati watoto wanatoka madrasa, udhuru wake umekwisha.

Lakini kwetu sisi hatari kubwa zaidi ya meno yenyewe ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba asilimia 99 ya watu wanaopatwa na maradhi haya wameyapata kwa mbwa, na kwamba katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishadhihiri kwa mgonjwa, kupona ni nadra mno. Kenya imejiwekea mpango wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kuyatokomeza, na nguzo yake kuu ni kuwachanja mbwa wasiopungua asilimia 70. Maradhi haya hayachagui mbegu. Mbwa wa thamani aliyeletwa kwa ndege na mbwa koko wa jalalani, wasipochanjwa, wako sawa.

Kwa ajili hiyo twawaomba kina mama wayahifadhi haya, na wawafundishe wasichana wanaobaki na wadogo zao nyumbani. Mtoto akiumwa au akiparurwa na mbwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 kamili. Kisitiwe mafuta, majani wala dawa ya kubahatisha. Tena tunataja hili kwa msisitizo, kwa sababu watu wetu wanajua hukumu ya kuosha mara 7, moja yao kwa udongo: udongo usitiwe katika kidonda. Kuosha huko ni tohara, na dharura ina hukumu yake. Kidonda ni cha sabuni, maji na daktari. Kisha mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, aanzishiwe chanjo, na azimalize sindano zote hata kama kidonda kimekauka na mtoto anacheza.

Watoto nao wafundishwe adabu ya kukutana na mbwa: wasimkimbie, maana mbwa hufukuza kinachokimbia, wasimtupie mawe, wasimsogelee anapokula, anapolala au anapokuwa na wanawe. Mbwa akiwajia, wasimame wima kama mti, mikono chini, wasimtazame machoni, mpaka aende zake. Na kumwepuka mbwa kusigeuke kuwa ni kumtesa. Kumwogopa najisi ni jambo moja, na kumdhulumu mnyama ni jambo jingine lenye hesabu yake.

Ama serikali za kaunti zetu zitakapotuita kutoa maoni juu ya sheria ndogo za mbwa, twende na maswali yaliyo wazi. Je, kuna daftari la mbwa, na mbwa wangapi wameandikishwa? Je, chanjo yapatikana mitaani bila ya kumlemea maskini, na ni mara ngapi kwa mwaka? Je, sheria yalazimisha lango lenye komeo na kamba njiani? Mbwa akimjeruhi mtoto, ni nani anayelipa gharama ya hospitali? Zahanati inayompokea mtoto huyo yampasha habari nani? Je, Mombasa, Kilifi na Kwale zimekaa pamoja, au mbwa atakayekatazwa upande mmoja atavushwa daraja na kuwa mzigo wa jirani, kama yalivyowafika watu wa barabara ya Colfax? Kaunti ikijibu maswali haya, orodha ya mbegu itakuwa ni jambo dogo. Ikishindwa kuyajibu, orodha hiyo haitamlinda mtu.

Katika vikao hivyo, mara nyingi wanaume ndio wanaosimama kusema, na kina mama huketi nyuma. Katika jambo hili tungependa mambo yawe kinyume. Wao ndio wanaowapeleka watoto madrasa na kuwarudisha, na ndio wanaojua mtaani ni geti gani halifungwi.